Miche Miwili Kwenye Ndoo ya Maji: Tunavyokosea Kupima Mizizi na Shina

Ukiweka mbele ya watu miche miwili ya mti wa aina moja, iliyosiwa siku moja na kukulia katika kitalu kimoja, mmoja ukiwa na urefu wa sentimita 45 na mwingine sentimita 28, karibu kila mtu atanyoosha mkono kuuchukua ule mrefu. Nimeliona jambo hili mara nyingi, na kila mara limenisikitisha, kwa kuwa anayechagua hivyo anaangalia nusu ya mti tu. Siku moja niliamua kuiangalia ile nusu nyingine. Nilichana viriba, yaani vifuko vya kuoteshea, vya miche miwili ya namna hiyo kwa wembe, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikawa naitikisa polepole mpaka udongo wote ukashuka chini, kisha nikaitandaza juu ya kitambaa cheupe. Mche mrefu ulikuwa na mzizi mkuu mnene ulioshuka hadi kitako cha kiriba, ukapinda, ukajizungusha mara mbili kama kamba iliyokunjwa, wenye rangi ya kahawia kutoka juu hadi chini, na mizizi ya pembeni ya kuhesabika. Mche mfupi ulikuwa na mzizi mkuu mwembamba zaidi, lakini ulizungukwa na kichaka cha mizizi midogo, na karibu kila mmoja kati ya mizizi hiyo uliishia kwenye ncha nyeupe yenye urefu wa milimita chache, laini kiasi cha kuvunjika kwa kuguswa na ukucha.

Baada ya hapo nilifanya kile ambacho vitabu vya kilimo cha miti huelekeza: nilitenganisha mizizi na sehemu ya juu kwenye shingo ya kila mche, yaani pale shina linapokutana na mzizi, nikavikausha vyote katika tanuri kwa nyuzi 70 za Selsiasi kwa siku mbili, nikavipima. Uwiano wa uzito mkavu wa sehemu ya juu kwa uzito mkavu wa mizizi haukutofautiana kwa kiasi cha maana baina ya miche hiyo miwili. Kwa kipimo hicho kinachoheshimiwa sana, miche ile ilikuwa sawa. Macho yangu yalikwisha kuona kwamba haikuwa sawa hata kidogo, na tangu siku ile nimekuwa nikiamini kwamba makosa yetu ni mawili: wengi hawaiangalii mizizi kabisa, na wachache wanaoiangalia huikamata kwa namba moja isiyobadilika, ilhali uhusiano wa mizizi na shina ni jambo linalobadilika siku hadi siku, kulingana na umbo la mche, umri wake, kinachokosekana pale ulipo na kazi iliyo mbele yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Jani hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga wa jua, kaboni dayoksaidi ya hewani na maji. Mzizi haupati mwanga, hivyo nguvu zote unazotumia kujisukuma udongoni zimetoka kwenye jani. Kwa upande wa pili, jani haliwezi kujitafutia naitrojeni wala fosforasi, na maji yanayolipoza yote yamepita mzizini. Mwaka 1930 mtaalamu wa misitu wa Ujerumani, Ernst Münch, alieleza jinsi sukari inavyosafiri: pale inapotengenezwa, maji huvutwa kuingia kwenye mirija ya gome la ndani na shinikizo hupanda, pale inapotumiwa, shinikizo hushuka, na utomvu husukumwa kutoka kwenye shinikizo kubwa kwenda kwenye shinikizo dogo. Maelezo hayo yana uzito mkubwa kwa mada yetu, kwa kuwa yanaonyesha kwamba ndani ya mche hakuna mgawaji anayekaa katikati na kukata mafungu. Sehemu inayotumia sukari kwa kasi ndiyo inayoivuta, na sehemu iliyo karibu na chanzo hupata kabla ya iliyo mbali.

Ukaribu huo una matokeo ambayo watunza vitalu wengi hawayafikirii. Majani ya juu hulisha zaidi ncha ya shina na majani machanga, na majani ya chini ndiyo hasa yanayolisha mizizi. Miche inapopangwa bega kwa bega bila nafasi, majani ya chini hufunikwa na kivuli cha majirani, hupungukiwa na mwanga, hufifia rangi na mwishowe hudondoka, na kwa kila jani la chini linalodondoka mizizi hupoteza mlishaji wake. Wakati huohuo shina hurefuka likishindania mwanga. Anayetembea kati ya mistari ya kitalu cha namna hiyo huona miche iliyonyooka na kulingana kwa urefu, akafurahi, wakati chini mizizi ina njaa.

Mbali na sukari, sehemu hizi mbili hupelekeana pia habari kwa njia ya homoni. Oksini hutengenezwa kwa wingi kwenye ncha ya shina na majani machanga, hushuka, na huchochea kuchipua kwa mizizi ya pembeni. Saitokini hutengenezwa kwa wingi kwenye ncha za mizizi, hupanda pamoja na maji, na huchochea machipukizi. Udongo unapokauka, asidi ya absisiki huongezeka na stomata, yaani vile vitundu vidogo vya majani vinavyopitisha hewa na mvuke, hufunga. Mche unaopoteza ncha zake za mizizi, kwa hiyo, unapoteza mdomo wa kunywea maji na sauti ya kuzungumza na majani kwa wakati mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Uholanzi, R. Brouwer, alilionyesha jambo hili kwa mimea ya maharage kwa njia ambayo bado naiona nzuri kwa urahisi wake. Alipokata sehemu ya mizizi, ukuaji wa mizizi ulipewa nafasi ya mbele mpaka uwiano wa awali ukarejea. Alipoondoa sehemu ya majani, ilikuwa zamu ya majani kutangulizwa. Mmea, kwa maelezo yake, huelekeza ukuaji kwenye kile kiungo kinachotafuta kitu kilichoadimika zaidi kwa wakati ule: maji na madini yakiadimika, mizizi, mwanga ukiadimika, majani. Miaka kumi baadaye, mwaka 1972, mtafiti J. H. M. Thornley alionyesha kwa hesabu kwamba tabia hii haihitaji akili ya siri ndani ya mmea. Inatosha kwamba kaboni inaingia kwa juu, naitrojeni inaingia kwa chini, kila moja inapungua kadiri inavyosafiri, na ukuaji wa kila sehemu unazihitaji zote mbili. Mizizi, ikiwa karibu na chanzo cha naitrojeni, huipata kwanza, na naitrojeni inapokuwa kidogo huishia palepale pamoja na sukari inayoteremka.

Hata hivyo, kanuni ya Brouwer ina mpaka wake, na mpaka huo ndio unaonivutia zaidi. Watu wengi waliosoma kidogo husema kwamba udongo wenye njaa hujenga mizizi mikubwa. Usemi huo ni kweli kwa baadhi ya madini tu. Mwaka 1995 mtafiti Tom Ericsson aliandika juu ya miche iliyokuzwa kwa kupunguziwa madini moja baada ya jingine, hasa miche ya mti wa nchi za baridi uitwao Betula pendula, na picha aliyoitoa ni hii: naitrojeni, fosforasi au salfa ikipungua, sehemu ya ukuaji inayokwenda mizizini huongezeka, lakini potasiamu, magnesiamu au manganisi ikipungua, sehemu hiyo hupungua. Sababu yake inaeleweka ukikumbuka safari ya sukari. Upungufu wa naitrojeni hupunguza ujenzi wa majani mapya, hivyo sukari hubaki bila mtumiaji huko juu na kuteremka. Upungufu wa magnesiamu, kinyume chake, huharibu kazi ya kutengeneza sukari na kuipakia kwenye mirija ya gome, na kwa hiyo sukari hukwama majanini huku mizizi ikisubiri. Mtu anayeamua kuinyima miche mbolea kwa imani kwamba njaa yoyote itaijengea mizizi anaweza kupata matokeo ya kinyume kabisa, na atailaumu mbegu.

Sasa tazama jinsi miche inavyolelewa katika vitalu vingi: hunyweshwa maji kila siku, hutiliwa mbolea yenye naitrojeni nyingi ili ipate rangi ya kijani kibichi inayopendeza, na hufunikwa kwa kivuli kizito hadi wiki ya kuondoka. Maji hayaadimiki, madini hayaadimiki. Kilichoadimika ni mwanga. Mche unaolelewa hivyo hufanya kile hasa ambacho mti wenye afya ungefanya, yaani huelekeza nguvu juu. Hauna ugonjwa wala kasoro ya asili. Umejengwa kwa ajili ya mahali ulipo, na mahali hapo ni kitalu, wakati sisi tunataka uishi kwenye shamba lenye jua kali na udongo usionyweshwa. Kivuli kikipunguzwa mapema, maji yakicheleweshwa kidogo kidogo katika wiki nne hadi sita za mwisho, na naitrojeni ikipunguzwa huku potasiamu ikiachwa ya kutosha, mche huanza kujijenga upya kwa ajili ya huko uendako. Kazi hiyo ya kukomaza miche huonekana kwa wengi kama hatua ndogo ya mwisho. Mimi naiona kuwa ndiyo kiini cha ufundi wa kitalu.

Kuna mtego mwingine, nao umewanasa hata watu wenye mizani na tanuri. Uwiano wa mizizi na sehemu ya juu hubadilika kadiri mti unavyokua, hata kama mazingira hayabadiliki. Katika mbegu inayoota, mzizi hutoka kwanza. Kwa siku kadhaa, na kwa mialoni kwa muda mrefu zaidi, mmea ni mzizi mtupu pamoja na akiba ya mbegu. Kisha majani hujitokeza, kisha shina huanza kujilimbikizia mbao, na mbao hazipotei. Kufikia utu uzima wa msitu, mizizi huwa sehemu ndogo: mapitio ya Cairns na wenzake ya mwaka 1997, yaliyokusanya vipimo vya misitu kutoka sehemu nyingi za dunia, yalipata wastani wa takriban kilo 0.26 za mizizi kwa kila kilo moja ya sehemu ya juu. Kwa miche ya kitalu, mwongozo unaotajwa mara nyingi ni kwamba uzito wa juu usizidi mara tatu ya uzito wa mizizi kwa miche inayosafirishwa bila udongo, na usizidi mara mbili kwa miche ya viriba.

Chukua basi jaribio la kawaida. Kundi moja la miche limetiwa mbolea, jingine halikutiwa, na baada ya miezi minne yote yanang'olewa na kupimwa. Kundi la mbolea lina uzito mara mbili na uwiano wenye mizizi kidogo zaidi, na mtafiti anaandika kwamba mbolea imeinyima mizizi haki yake. Inawezekana ni kweli. Inawezekana vilevile kwamba mbolea iliharakisha ukuaji tu, na kwamba miche ile isiyo na mbolea, ikifika uzito uleule miezi miwili baadaye, itakuwa na uwiano uleule. Ni sawa na kumlinganisha mtoto wa miaka sita na wa miaka miwili, ukasema chakula kizuri kimempunguza kichwa yule mkubwa. Njia iliyo salama ni kulinganisha miche yenye uzito sawa badala ya yenye umri sawa, au kuchora logi (logariti ya hisabati) ya uzito wa mizizi dhidi ya logi ya uzito wa juu na kutazama kama mstari wenyewe umehama. Ledig, Bormann na Wenger walifanya hivyo mwaka 1970 kwa miche ya msonobari uitwao Pinus taeda, na nadhani kila anayetaka kutoa hukumu juu ya mbolea, kivuli au aina ya mbegu angepaswa kuanzia hapo.

Kisha kuna suala la siku. Miti mingi haikui kwa mwendo mmoja. Hutoa majani kwa mikupuo, ikapumzika, ikatoa tena. Kwa muda fulani nilikuwa na sanduku jembamba lenye upande mmoja wa kioo, lililoinamishwa kidogo ili mizizi ya mche wa mpira iliyokuwa ndani yake itambae kwenye kioo, na kila asubuhi saa moja nilifunua kitambaa cheusi kilichoziba mwanga na kuweka alama ya kalamu kwenye ncha ya kila mzizi wa pembeni niliouona. Baada ya wiki chache kioo kilikuwa na madoa kama nyayo za mdudu. Katika siku ambazo mche ulikuwa na majani mapya yaliyolegea, ya rangi ya shaba, yakining'inia yakikua, madoa ya mizizi ya pembeni yalikaribiana, mengine yakiwa karibu kugusana. Majani yalipokomaa, yakakaza na kugeuka kijani, madoa yalianza tena kuachana. Mzizi mkuu ndio ulioshuka bila kujali sana. Baadaye nilikuta kwamba Thaler na Pagès walikwisha kuchapisha mwaka 1996 uchunguzi wao wa miti michanga ya mpira katika masanduku ya namna hiyo, wakieleza jinsi urefukaji wa mizizi unavyopungua majani yanapokua. Reich na wenzake walikuwa wameandika juu ya zamu hizi kwa mialoni mwaka 1980, na mwaka huohuo Drew na Ledig wakaziandika kwa Pinus taeda.

Zamu hizi zina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba uwiano uliopimwa Jumatatu unaweza kupotosha ukilinganishwa na wa wiki tatu baadaye, kwa kuwa mche mmoja umepimwa ukiwa katikati ya mkupuo wa majani na mwingine ukiwa umemaliza. Ukichukua vipimo kwa miezi mingi mabonde na vilima hivyo husawazika na uhusiano wa jumla hubaki thabiti, na ndiyo sababu mtu anayepima mara moja tu huwa na mashaka makubwa kuliko anavyojua. Ya pili ni ya vitendo zaidi: mche unaotolewa kitaluni ukiwa na majani malegevu ya mkupuo mpya unatolewa wakati mizizi yake imepunguza kasi na majani yake yanapoteza maji kwa urahisi. Kwa macho ya mnunuzi huo ndio mche unaopendeza kuliko yote. Kama ningekuwa na ruhusa ya kuweka kanuni moja tu kwenye lango la kila kitalu, ningeandika kwamba usitoke mche wowote ambao majani yake ya mwisho hayajakaza.

Iko miti iliyoyapeleka mambo haya mbali zaidi. Mche wa mninga, katika pori lenye kiangazi kirefu na moto, hukauka sehemu yote ya juu kila msimu wa ukame, huchipua tena mvua zikirudi, na hurudia hivyo kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja shina linalochipuka linakuwa na nguvu ya kutosha kuvuka kiangazi na kuendelea kupanda. Msonobari wa kusini mwa Marekani uitwao Pinus palustris hukaa kwa miaka kama fungu la nyasi, bila shina la kuonekana, ukijenga mzizi, kisha hupanda kwa haraka. Anayeutazama mche wa mninga wa miaka mitatu na kuona vijani vinne juu ya ardhi atasema umedumaa. Akichimba atakuta mzizi mnene ambao umri wake hauendani kabisa na kile kilichoko juu.

Mtiki nao unatupa somo la aina nyingine. Kwa miaka mingi mitiki imepandwa kwa visiki: mche wenye unene wa sentimita moja hadi mbili kwenye shingo hukatwa shina likabaki sentimita chache, mizizi ya pembeni hupunguzwa, na kipande hicho kisicho na jani hata moja huzikwa ardhini na kuchipua. Kinachowezesha hilo ni wanga uliohifadhiwa ndani ya mzizi mnene. Mtu aliyezoea visiki vya mtiki akihamia kwenye misonobari, akakata sehemu ya juu ili kupunguza mzigo wa mizizi kama alivyozoea, ataua miche yake. Mwaka 1987 R. van den Driessche alionyesha, kwa miche ya Pseudotsuga menziesii na ya Picea sitchensis, miti ya jamii moja na misonobari, kwamba mizizi mipya inayoota baada ya kupanda hutegemea hasa sukari inayotengenezwa siku hizohizo na majani, kuliko akiba ya zamani.

Hapa ndipo uhusiano wa mizizi na sehemu ya juu unapokuwa suala la kufa na kupona. Mche unapohamishwa, sehemu kubwa ya ncha na vinyweleo vya mizizi hukatika au kupoteza mgusano na udongo. Maji yanayoingia hupungua siku hiyohiyo, wakati majani yote bado yapo na jua limeongezeka. Stomata hufunga ili kuzuia upotevu, na zikifunga kaboni dayoksaidi haiingii, sukari haitengenezwi, na mizizi mipya ambayo ingerudisha maji haina cha kujengewa. Mduara huo ukijifunga, mche hufa ukiwa na mizizi ambayo kwenye mizani ingeonekana ya kutosha. Mduara huohuo huweza kwenda upande mwema: ncha chache zikiota katika wiki ya kwanza na kugusa unyevu, stomata hufunguka kwa saa kadhaa za asubuhi, sukari kidogo hushuka, ncha nyingi zaidi huota. Tofauti ya mwanzo kati ya mche utakaokufa na utakaoishi inaweza kuwa ndogo sana.

Mtafiti Edward Stone aliliona hilo mapema. Mwaka 1955, akitafuta sababu ya miche mizuri kwa sura kufa ikipandwa, alielekeza macho kwenye uwezo wa mche kuotesha mizizi mipya, jambo ambalo urefu na unene haviwezi kulionyesha. Kipimo kilichozaliwa na wazo hilo ni rahisi: panda miche michache katika mazingira mazuri yenye joto na unyevu, iache kwa wiki moja hadi nne, ioshe, hesabu ncha mpya nyeupe. Hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu kukubali kupoteza miche michache ili kuijua mingine, na nimeona kwamba hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mche uliooshwa mizizi haurudi kwenye hesabu.

Ufundi wa kukata mizizi ndani ya kitalu kabla ya kuhamisha unatokana na mantiki hiyohiyo. Mwaka 1971 mtafiti David Rook aliandika juu ya miche ya msonobari uitwao Pinus radiata iliyokatwa mizizi chini ya tuta la kitalu na kutikiswa kwa zana: ukuaji wa urefu ulipungua na sehemu kubwa zaidi ya sukari ikaelekea mizizini. Kwa mkulima anayelipwa kwa sentimita, ukataji huo ni hasara. Kwa mti, ni nafasi ya kupata jeraha wakati maji yapo karibu, badala ya kulipata shambani.

Nirudi sasa kwenye fumbo la mizani yangu. Miche ile miwili ilitoa uwiano uliokaribiana kwa sababu mizani haijui mzizi upi unafanya kazi. Mzizi mkuu uliojizungusha ndani ya kiriba ulikuwa mnene, wa mbao, mzito, na uzito wake wote ulihesabiwa kuwa mizizi, ingawa sehemu kubwa yake haikuwa na ncha hai. Mizizi midogo yenye kipenyo cha chini ya milimita mbili, inayonyonya sehemu kubwa ya maji na madini na inayobeba kuvu wa mikoriza, wale wanaoishi na mizizi na kuisaidia kunyonya, huwa myepesi kiasi kwamba nusu ya kichaka chake inaweza kupotea kwenye ndoo bila mizani kutikisika. Hata kielezo cha ubora kilichotungwa na Dickson, Leaf na Hosner mwaka 1960, kinachogawanya uzito wote wa mche kwa jumla ya uwiano wa urefu kwa unene na uwiano wa juu kwa mizizi, hakiwezi kuuona mzunguko wa mzizi. Nakiheshimu, kwa sababu angalau kinamlazimisha mtu kupima mizizi, na kile kipande chake cha urefu kwa unene kina faida kubwa: mche wenye sentimita zaidi ya sita za urefu kwa kila milimita moja ya unene wa shingo tayari unastahili kutiliwa shaka hata kabla ya kuchana kiriba. Lakini mzizi uliojizungusha hauachi kuzunguka kwa kupandwa kwenye ardhi pana. Hunenepa ukiwa katika umbo hilohilo, na miaka baadaye mti hukosa nanga, au hujikaba wenyewe kwenye shingo. Vyombo vyenye mifereji ya wima kwenye kuta na tundu kubwa chini, vilivyoinuliwa juu ya ardhi ili ncha ikifika chini ikutane na hewa, ikauke na kuchochea mizizi ya pembeni juu yake, huliondoa tatizo hili kwa sehemu kubwa. Kiriba kilichoketi moja kwa moja juu ya udongo hulizidisha.

Kabla ya kuichana ile miwili nilikuwa nimetenga mingine minane, minne kutoka kila upande, nikaipanda katika mchanga wenye unyevu mahali penye mwanga wa kutosha, nikaiacha kwa siku 14. Siku ya kumi na tano niliiosha kama ile ya kwanza. Mifupi haikuwa imeongeza urefu wowote wa kuonekana, lakini ilinibidi kuitumia sindano kutenganisha ncha nyeupe ili nizihesabu, na zilikuwa zimetoka pande zote za mzizi, kuanzia sentimita mbili chini ya shingo. Mirefu ilikuwa imefungua majani mawili mapya kila mmoja, mazuri sana. Ncha mpya zilikuwa chache, na karibu zote zilitokea chini kabisa, pale mzizi ulipopinda, zikielekea upande uleule wa mzunguko.